Tandiko la Nyoka Linapoleta Taabu: Dalili na Vyanzo Vyake

Mfugaji akikuta kizimba kinanuka, au nyoka ana madoa tumboni, mara nyingi hukimbilia kulitupa tandiko lote, yaani kile kinachotandazwa sakafuni mwa kizimba, na kutafuta aina nyingine. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Wiki tatu baadaye harufu ileile imerudi, kwa sababu kosa halikuwa la maranda wala la makumbi ya nazi. Lilikuwa la maji. Taabu nyingi za tandiko, ukizifuatilia hadi mwisho, unakuta ama maji yamekaa mahali yasipotakiwa, ama hayapo mahali yanapotakiwa.

Ndani ya kizimba kuna sehemu tatu, na kila moja ina unyevu wake: hewa, uso wa tandiko ambapo tumbo linagusa, na sakafu chini kabisa. Nyoka wengi wanaofugwa nyumbani wanataka hewa yenye unyevu wa kiasi na tumbo kavu. Sasa mtu akisikia kwamba chatu wake anahitaji unyevu wa asilimia 60, anachukua chupa ya kupulizia na kulowesha uso wa tandiko asubuhi na jioni. Hewa inapanda kwa saa moja hivi, inashuka tena, na tumbo linabaki limelala kwenye majimaji. Sehemu tatu hizo usizichanganye, na nusu ya utatuzi utakuwa umeumaliza.

Kabla hujatupa chochote

Ingiza mkono hadi sakafuni, kwenye pembe na katikati, utoe konzi moja ya tandiko. Likamue. Likitoa matone, limezidi maji. Likishikamana kidogo kisha likaachia ukiligusa, na kiganja kikabaki na ubaridi bila majimaji, hiyo ni hali nzuri kwa nyoka wa mazingira ya unyevu. Likimwagika kama mchanga ni kavu, na kwa nyoka wa nchi kame ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kipimo hiki hakifai kwa maranda ya mbao: maranda yakishikamana tu mkononi, yameshaharibika.

Kisha kipima unyevu. Vile vya duara vyenye mshale, vinavyobandikwa ukutani kwa gundi, vina sifa mbaya na wamejitafutia wenyewe waviundao. Cha dijitali chenye kitambuzi cha waya ni afadhali, lakini nacho kipimwe. Chukua kifuniko cha chupa, tia chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe uji mzito bila kuyeyuka yote. Kifungie pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, uache usiku kucha. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa namna hiyo hutulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, basi kinapunja 7, na utakuwa unaiongeza hiyo 7 kila ukisoma. Kimoja changu kilikuwa kinapunja mno, na kwa miezi kadhaa nilimwagia maji nyoka ambaye hewa yake ilikuwa sawa kabisa.

Kitambuzi kikae kimo cha nyoka, si juu karibu na mfuniko.

Kizimba kinanuka

Jiulize ni harufu gani, kwa sababu ziko tatu na kila moja ina chanzo chake.

Harufu kali inayochoma pua, kama ya banda la kuku lisilosafishwa, ni amonia. Nyoka hakojoi maji mengi kama mbwa. Taka yake ya nitrojeni hutoka kama urati, kile kitu cheupe au cha manjano kilicho kama chaki. Kikikauka, kinanuka kidogo sana. Kikibaki kwenye unyevu, bakteria wanakivunja na amonia inaanza kutoka. Kwa hiyo ukinusa amonia tafuta uchafu uliofukiwa, na mahali pa kwanza pa kutazama ni chini ya maficho, upande wa joto, na kwenye pembe za nyuma. Nyoka wengi wana pembe yao ya chooni, nao hawaibadilishi kirahisi. Unapoutoa uchafu, usitoe bonge peke yake. Toa na tandiko la kandokando na la chini yake, maana majimaji yameshasambaa kupita pale unapoona doa.

Harufu ya pili ni ya uvundo, kama nguo zilizoachwa kwenye beseni. Hapo uchafu hauhusiki. Tandiko limelowa na hewa haipiti. Chanzo cha kawaida ni bakuli la maji. Nyoka mkubwa akiingia kuoga, maji yanapanda na kumwagika kimyakimya, na mfugaji anaona bakuli limepungua akidhani nyoka amekunywa. Jaza bakuli nusu au chini ya hapo, litumie zito ambalo halipinduki, na uliinue mara kwa mara uone chini yake. Chini ya bakuli ndipo kuvu huanzia.

Ya tatu ni harufu nzuri, ile ya mbao inayofanya nyumba nzima inukie karakana ya seremala. Hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Mbao zinazonukia, hasa mwerezi, zina mafuta yenye fenoli yanayowasha njia ya hewa na kudhuru ini la wanyama wadogo waliofungiwa pamoja nazo. Mwerezi hauna nafasi kwenye kizimba cha nyoka, hata kidogo, hata uliochanganywa. Msonobari mbichi nao uachwe. Ukinunua maranda na mfuko hausemi ni mti gani, usikisie. Nusa, na yakikunukia vizuri yarudishe.

Tumbo lina wekundu, madoa ya kahawia au malengelenge

Mgeuze nyoka taratibu mwangani. Magamba mapana ya tumboni yanatakiwa yawe safi na yamelala sawasawa. Ukiona rangi ya waridi iliyotapakaa, magamba yamenyanyuka pembeni, madoa ya kahawia au vijipu vyenye maji ndani, kuna mambo matatu ya kutofautisha, na yote matatu yanafanana siku ya kwanza.

Kwanza, rangi ya waridi inayokuja na ngozi kufifia na macho kuwa na ukungu wa kibuluu ni maandalizi ya kujivua gamba. Subiri. Siku kadhaa baada ya macho kung'aa tena ngozi itatoka, na wekundu utaondoka nayo.

Pili ni kuungua. Jeraha la moto huwa na mpaka unaoonekana, sehemu moja tu ya mwili, na mara nyingi linafuata umbo la mahali nyoka alipolala. Ukikuta hivyo, acha tandiko uende kwenye mkeka wa joto, nimeueleza mbele.

Tatu ni ugonjwa wa malengelenge, ambao ukiachwa unakuwa kuoza kwa magamba. Huu ndio ugonjwa wa tandiko hasa. Ngozi ikilala muda mrefu kwenye unyevu na uchafu inalainika, bakteria na kuvu vinapata mlango. Madoa huwa yametawanyika, mengi yakiwa nusu ya nyuma ya mwili karibu na tundu la haja. Ukiona hivyo leo, mhamishe leo: kizimba chenye taulo nyeupe za karatasi, maficho safi, bakuli dogo la maji, joto lake la kawaida, na karatasi ibadilishwe kila inapolowa. Usiyatumbue malengelenge. Usipake mafuta ya nyumbani. Kama wekundu ni mdogo na hakuna gamba lililofunguka, ukavu na usafi vinaweza kutosha, na utaona nafuu baada ya kujivua gamba mara moja au mbili. Malengelenge yakipasuka, yakitoa usaha au yakinuka, hiyo ni kazi ya daktari wa wanyama anayejua reptilia, kwa sababu maambukizi yanaweza kuingia kwenye damu.

Watu hukosea hapa kwa kufikiri kwamba kwa kuwa maji ndiyo yaliyoleta ugonjwa, basi hewa nayo iwe kavu kabisa. Chatu aliyekaushwa hivyo anapona tumbo kisha anashindwa kuvua ngozi. Tunarudi palepale: hewa ni kitu kingine, tumbo ni kitu kingine.

Ngozi inatoka vipandevipande

Nyoka mwenye afya huvua gamba zima kama soksi, kuanzia puani hadi ncha ya mkia, pamoja na vifuniko vya macho. Hana kope, jicho limefunikwa na gamba moja angavu ambalo nalo hubadilishwa. Ikitoka vipande, au kifuniko kikabaki jichoni, au pete ya ngozi ikaganda kwenye ncha ya mkia, hewa imekuwa kavu kipindi cha kufifia kwa ngozi.

Sasa unapandishaje unyevu wa hewa bila kulowesha uso? Maji mimina pembeni, taratibu, kwenye pembe za kizimba, yashuke hadi tabaka la chini. Uso ukikauka, tabaka la chini litaendelea kutoa mvuke kwa siku nyingi. Hii inafanya kazi kwa tandiko linalohifadhi maji, yaani makumbi ya nazi, usumba au vipande vya saipresi, likiwa na kina cha sentimita 7 au zaidi. Kwenye sentimita 2 haiwezekani. Hakuna tabaka la chini la kuhifadhi chochote. Kwenye maranda usijaribu kabisa.

Angalia mfuniko pia. Kizimba cha kioo chenye mfuniko wa wavu mtupu, na taa ya joto juu yake, ni bomba la kutolea mvuke. Ukiziba sehemu kubwa ya wavu huo, mbali na taa, utaona unyevu unapanda bila tone moja la maji. Kusogeza bakuli karibu na upande wa joto kunasaidia pia. Na kwa nyoka anayeishi kwenye maranda, dawa ni maficho ya unyevu: chombo cha plastiki chenye mfuniko, tundu moja la kuingilia, ndani kuvumwani aina ya sfagnamu iliyoloweshwa kisha ikakamuliwa vizuri. Anaingia mwenyewe akihitaji, anatoka akitosheka, na kizimba kilichobaki kinakaa kikavu. Ioshe au uibadilishe kila baada ya kujivua, maana humo ndani ni pepo ya kuvu.

Kifuniko cha jicho kilichobaki usikikwangue wala kukibandua kwa koleo. Chini yake kuna kifuniko kipya ambacho ukikichana umeliharibu jicho. Rekebisha unyevu usubiri mzunguko unaofuata. Kikibaki tena, mpeleke kwa daktari. Pete ya mkiani ndiyo isiyongoja, kwa sababu inakaza na kukata damu. Mwache nyoka dakika 20 hadi 30 ndani ya chombo chenye taulo ya kitambaa iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, kisha mpitishe mkononi kwenye kitambaa hicho ajivute mwenyewe.

Kuvu imeota

Nyuzi nyeupe juu ya vipande vya magome au kwenye gogo jipya hutokea mara nyingi wiki za mwanzo, na kwenye vizimba vya udongo hai vyenye vidudu vya kuozesha taka huisha zenyewe. Sizitii sana maanani. Nina wasiwasi na kuvu ya kijani, nyeusi au ya kijivu yenye unga, na kuvu yoyote iliyo kwenye maranda. Toa sehemu yote pamoja na kiganja kizima cha tandiko linaloizunguka, tafuta maji yametoka wapi, ongeza tundu la hewa. Ikirudi ndani ya wiki, badilisha lote.

Kioo kikilia machozi kila asubuhi, chumba nje ni baridi kuliko kizimba, na mvuke unagandia ukutani na kutiririka hadi sakafuni. Hapo unaweza kuwa na hewa inayosoma vizuri kabisa na sakafu iliyo bwawa. Kamua konzi ya pembeni utajua.

Kuna vidudu

Usipige kelele bado. Chukua taulo nyeupe ya karatasi iliyolowa kidogo, mpitishe nyoka ndani yake kuanzia shingoni hadi mkiani, kisha itazame mwangani. Ukiona vidoti vyeusi au vyekundu vinavyotembea, na ukivifinya vinaacha alama ya damu, ni utitiri wa nyoka, Ophionyssus natricis. Ishara nyingine ni nyoka kukaa ndani ya bakuli kutwa, vidoti vyeusi vilivyozama chini ya maji, na vumbi jeupe kwenye magamba kama ametiwa poda. Tafuta kwenye mkunjo wa kidevu na pembezoni mwa macho.

Vikiwa vyeupe au vya kijivu, vinakimbia au kurukaruka kwenye tandiko na magome lakini havimpandi nyoka, hao ni walaji wa kuvu na taka. Hawamdhuru. Wanakuambia tu kwamba tandiko lina maji mengi, na ukilikausha wanapungua.

Utitiri halisi una hatua 5 za maisha: yai, lava, nimfu wa kwanza, nimfu wa pili na mkubwa. Kati ya hizo ni 2 tu, nimfu wa kwanza na mkubwa, wanaonyonya damu. Mayai hayatagwi juu ya nyoka. Yanatagwa kwenye nyufa, chini ya gome, ndani ya tandiko, mahali penye giza na unyevu. Ndiyo maana anayemwogesha nyoka na kumrudisha kwenye tandiko lilelile anapigana na wageni huku wenyeji wamelala.

Tandiko lote litoke, lifungwe kwenye mfuko, liondoke ndani ya nyumba siku hiyohiyo. Mapambo ya mbao yenye nyufa yatupe usipoweza kuyagandisha au kuyakausha kwa joto la juu. Nyufa za kizimba zisuguliwe na zikaushwe. Nyoka akae kwenye taulo nyeupe za karatasi zinazobadilishwa kila siku moja au mbili, na usirudi kwenye tandiko la kawaida mpaka zipite wiki 6 bila kuona kidoti. Mzunguko wao penye joto unakamilika kwa wiki 2 hadi 3, kwa hiyo wiki 1 ya usafi haijakuhakikishia kitu. Dawa ya kuua utitiri uichukue kwa daktari pamoja na kipimo chake. Dawa za wadudu za dukani zimeua nyoka wengi, hasa zikipuliziwa kizimbani huku bakuli la maji likiwa ndani.

Nyoka mgeni yeyote aanzie kwenye karatasi nyeupe, chumba kingine, kwa miezi isiyopungua miwili. Si kwa urembo. Kwenye nyeupe unaona kinyesi, utitiri, damu na kila kitu.

Anakoroma, anapiga chafya, ana povu mdomoni

Mluzi mdogo wakati ngozi imefifia au mara tu baada ya kujivua, mdomo ukiwa mkavu, huwa ni kipande cha ngozi puani. Chafya zinazoanza siku ulipobadilisha tandiko ni vumbi. Maranda ya bei ya chini na makumbi makavu yaliyosagwa hutimua vumbi jingi. Yachekeche nje kabla ya kuyatandika, na makumbi yaloweshe kidogo.

Lakini nyoka anayenyanyua kichwa juu na kuachama ili apumue, mwenye makamasi ya kuvutika au povu kwenye midomo, ana maambukizi ya mapafu. Chanzo cha kawaida ni unyevu pamoja na ubaridi. Unyevu wa asilimia 70 penye joto sahihi ni raha. Asilimia ileile usiku mkeka ukiwa umezimika ni ugonjwa. Hakikisha joto, mtoe kwenye tandiko lililolowa, na umpeleke kwa daktari. Hapa hakuna dawa ya nyumbani.

Uso wa tandiko baridi, chini kioo kinachoma

Mkeka wa joto uliobandikwa chini ya kizimba na tandiko nene ni ndoa isiyokaa. Tandiko ni blanketi. Joto linanasa chini, uso unabaki baridi, na kama kitambuzi cha kidhibiti joto umekilaza juu ya tandiko, kinaona ubaridi na kuuamuru mkeka uzidi kuwaka. Nyoka anachimba kutafuta joto, anafika kwenye kioo, analala palepale. Nyoka hulalia kitu cha moto hadi tumbo linaungua bila kuondoka.

Kitambuzi kikae kati ya mkeka na kioo, au juu ya kioo chini ya tandiko, kisogezwe pale nyoka anapoweza kufika. Tandiko juu ya mkeka lisizidi sentimita 2 hivi. Unataka kina cha kuchimbia? Basi joto litoke juu, kwa taa au paneli yenye kizuizi. Huwezi kuwa na vyote viwili, na nimeona watu wenye uzoefu wa miaka wakijaribu.

Tandiko limeingia mdomoni

Nyuzi moja mbili zikimezwa na mawindo hupita zenyewe. Zinazoleta shida ni vipande vyenye ncha vinavyochoma fizi, na vitu vinavyogandamana tumboni: mchanga wa kalsiamu, changarawe za choo cha paka, maganda ya jozi yaliyosagwa, magunzi ya mahindi. Hayo yote, hata yakiuzwa na nani, usitandike. Tatizo la kawaida zaidi ni panya aliyeyeyushwa kutoka kwenye barafu akiwa amelowa, anakokota maranda kama sukari kwenye andazi. Mkaushe kwa karatasi, umpe nyoka akiwa juu ya sahani bapa. Nyoka akivimba sehemu moja, hajapata choo kwa muda mrefu kuliko desturi yake na anakataa kula, apigwe picha ya eksirei.

Umesafisha vizuri, sasa nyoka hatulii wala hali chakula

Hii inawashangaza watu. Nyoka anaijua nyumba yake kwa harufu, anayoikusanya kwa ulimi. Ukitoa kila kitu, ukaosha kila kitu na kurudisha kizimba kinachonukia dawa, kwake umemhamisha. Anazunguka ukutani usiku kucha, anasukuma pua kwenye mfuniko, mlo unaofuata anaukataa. Mimi huacha konzi mbili za tandiko la zamani lililo safi na kavu, na maficho moja nisiyoosha siku hiyo. Isipokuwa kuna utitiri au ugonjwa. Hapo hakuna kubakisha kitu.

Badilisha lote pale panapohitajika, si kwa kalenda peke yake. Karatasi ni kila inapochafuka. Maranda, ukiokota uchafu kila siku, yanakwenda kama mwezi. Makumbi na saipresi vinaweza kufika miezi 2 au 3 visipovunda.

Kuosha kizimba

Mpangilio ndio wenye nguvu kuliko dawa. Toa tandiko, kwangua, osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza. Dawa ndiyo inafuata, kwa sababu klorini ikikutana na kinyesi inaishia kwenye kinyesi na haifiki kwa bakteria. Dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji, iliyochanganywa siku hiyohiyo, ikae imelowesha uso kwa dakika 10. Hapa ndipo wengi wanafuta baada ya sekunde 30 na kujiona wamemaliza. Suuza mpaka usinuse kitu, kausha kabisa, juani ikiwezekana. Nyoka akae mbali mpaka hapo.

Klorini usiichanganye na siki wala na kisafishio chenye amonia. Gesi zinazotoka zinadhuru mapafu yako kabla ya yake. Na kama kizimba kimejaa amonia ya mkojo, kioshe kwanza kwa maji, kwa sababu hiyohiyo. Dawa za sakafu zenye harufu ya msonobari, na nyingine za jamii ya fenoli, zisikaribie reptilia. Mbao mbichi zisizopakwa rangi hunyonya dawa na mkojo vilevile, kwa hiyo kizimba cha mbao kipakwe kinga ya maji isiyo na sumu na kiachwe kikauke hadi harufu iishe, ndipo kianze kutumika.

Reptilia wenye afya kabisa hubeba bakteria wa salmonela. Vyombo vyao visioshewe kwenye sinki la jikoni, na watoto walio chini ya miaka 5 wasishiriki kazi hii. Mikono kwa sabuni, kila mara.

Kama kweli ni aina ya tandiko

Umepima, umekausha, umerekebisha joto, na bado? Basi pengine umempa nyoka tandiko la mwenzake. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, anayestawi kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, anafurahia maranda ya mti wa aspeni, ambayo hayanukii na yanashika umbo la mashimo akichimba. Yule wa pua ya nguruwe, Heterodon nasicus, ni mchimbaji zaidi na anapenda kukavu zaidi. Mpe kina cha sentimita 8 au 10. Boa wa mchangani, Eryx colubrinus, ataishi maisha yake yote ndani ya tandiko, kwa hiyo kina ndiyo nyumba yake na bila hicho hana maficho mengine yatakayomtuliza. Chatu Python regius, yule anayejikunja kama mpira, anataka asilimia 60 hadi 70, na kumweka kwenye maranda ni kujitafutia vita kati ya ngozi yake na kuvu. Makumbi au saipresi vinamfaa. Boa wa upinde wa mvua, Epicrates cenchria, anataka zaidi ya 75, na hapo hata makumbi yanahitaji uangalizi wa kila siku.

Karatasi haipendezi macho na nyoka hawezi kuchimba, lakini ndilo tandiko pekee ambalo halijawahi kunificha tatizo. Zulia la reptilia sikupendekezei: magamba hunasa kwenye nyuzi, na likishanyonya mkojo halitoki harufu hata ulioshe mara ngapi. Udongo wa bustani wenye mbolea au punje nyeupe za pelaiti usiingie. Magome na majani uliyookota nje yanaweza kubeba utitiri na viuatilifu. Yagandishe siku kadhaa au yakaushe kwenye joto, na kama palipulizwa dawa, yaache palepale.

Na ukibadilisha aina, badilisha hiyo peke yake kwa wakati mmoja. Ukihamisha tandiko, taa na maficho wiki moja, kisha nyoka akaanza kukoroma, hutajua umuulize nani.